Kayabu Hajibu kwa Kiswahili

Wiki ya kwanza paka yule alinitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyepanga foleni ya resheni bila kadi. Nilimwita pus, pus, pus, kama mama zetu walivyotufundisha kuita paka wote wa dunia. Hakugeuka. Nikamsemesha kwa Kiswahili cha nyumbani, cha upole: njoo mwanangu, ule. Hakugeuka. Nikamwekea omena kwenye kifuniko cha sufuria. Akala akiwa amenipa mgongo, akapenya kati ya bati na ukuta, akarudi kwenye nyumba aliyozaliwa, Kakuma 1, ambayo tayari ilikuwa imeingiwa na watu wengine. Nilimfuata huko mara tatu. Mara ya tatu wenyeji wapya walinicheka waziwazi, na sikuwalaumu.

Nilikabidhiwa paka huyo Oktoba 2023, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu kwa kalamu. Waliomwacha ni familia ya Warundi waliongoja miaka mingi hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hatimaye wakapata ndege ya kwenda Canada. Ndege hizo hubeba watu, nguo kidogo na ule mfuko wa hati za safari ambao hakuna anayethubutu kuuweka chini. Paka habebwi. Binti yao wa miaka tisa, mwanafunzi wangu, alinipa katoni bila kulia, akaniambia mambo mawili: hapendi maharagwe, na jina lake ni Kayabu.

Nilidhani ni jina la shujaa fulani wa kwao. Nilikaa nalo hivyo, nikilitamka kwa heshima zote, hadi Mrundi mmoja fundi cherehani aliponisikia akacheka mpaka akaacha pedali. Akayabu, alinieleza, ni paka tu kwa Kirundi, na irabu ile ya mwanzo hudondoka ukiita. Paka anaitwa Paka. Halafu akanisahihisha matamshi. Mimi ni mtu wa Kilifi. Kila neno ninaloliona nalikandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyotaka. Kirundi kina wimbo wake, sauti hupanda na kushuka kwa mpango mwingine kabisa. Nilikuwa nikimwita mtoto wa watu kwa jina lililovunjwa mgongo. Fundi akanipa na neno la pili: ngwino, yaani njoo. Jioni hiyo nikalijaribu mlangoni, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Kayabu, ngwino. Masikio yakageuka kwanza, yeye bado ameelekea ukutani.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza watu wanavyosemesha paka Kakuma, na sijaacha tangu siku hiyo.

Kambi ilianza mwaka 1992, walipofika wale vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbia Ethiopia mwaka uliotangulia na kutembea hadi mpaka wa Kenya. Wasomali wakaja, Waethiopia wakaja, kisha watu wa Maziwa Makuu. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000, na kila jamii imekuja na jina lake la paka. Kwa Msomali ni bisad. Kwa Msudani ni kadisa, neno ambalo hulikuti katika Kiarabu cha vitabuni. Linadhaniwa kuwa la Wanubi wa mto Nile, na wapo wanaisimu wanaoshuku kwamba ukoo wake ndio uliozaa majina ya paka ya Ulaya. Mhabeshi husema dimet, Mnyarwanda injangwe, Mganda kkapa. Mkongo wa Uvira anakutana nasi kwenye paka, ingawa mengine yote tunabishana. Mnyama mmoja akizunguka bloku tatu usiku kutafuta panya ataitwa majina matatu kabla ya alfajiri.

Sasa angalia mtu mzima wa hapa anavyoishi na lugha zake. Ofisini kwa mashirika ni Kiingereza, au mkalimani. Sokoni ni Kiswahili cha kila mtu na si cha mtu yeyote, kile ambacho ngeli zake zingemliza mwalimu wangu wa sekondari. Kwenye bomba la maji ni ishara na sauti ya juu. Watoto wakirudi shuleni wanaongea mchanganyiko wao. Mwisho wa siku mama anakaa kwenye jerikeni mbele ya mlango, paka anapita, na mama anamwambia jambo. Nimesikia hilo mara nyingi mno kulidhania bahati. Lugha inayomtoka hapo ni ile ya kwao, ya kijijini, ile ya kubembelezea mtoto. Paka hahitaji mkalimani, na hakusahihishi.

Nikaanza kuuliza na kusoma, ili nijue kama upande wa pili kuna anayesikia. Mwaka 2013 mtafiti wa Kijapani, Atsuko Saito, na mwenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia paka 20 majumbani mwao. Waliwapigia sauti zilizorekodiwa, za wageni na za mwenye paka, zikiita jina. Paka waliitambua sauti ya mwenyewe. Walionyesha hivyo kwa kusogeza masikio na vichwa. Kuinuka na kwenda, hapana. Mwaka 2019 Saito akarudi na swali gumu zaidi: je, paka anajua jina lake kama neno? Waliwasomea maneno manne ya kawaida yenye urefu na lafudhi ya jina, hadi paka wakachoka kuyasikiliza, kisha wakatamka jina lenyewe. Masikio yakasimama tena, hata aliyetamka akiwa mgeni. Kumbe Kayabu alikuwa na haki yake. Nilikuwa nikimtupia maneno ya kawaida.

Mwaka 2022 Charlotte de Mouzon na wenzake, huko Ufaransa, walipima kitu kinachonigusa zaidi. Sote tukimsemesha paka tunapandisha sauti, tunaifanya nyembamba na tamu, kama mbele ya mtoto mchanga. Paka 16 walisikilizishwa mwenyewe akisema na mtu mzima, kisha mwenyewe huyo akisema na paka. Walitambua sauti ilipobadilika. Aliposema mgeni, utamu wake haukuwashtua hata kidogo. Paka wa mwenzio ukimbembeleza unajichosha. Mimi nilijichosha karibu miezi miwili, hadi siku nilipokuwa nikisahihisha madaftari na kumlalamikia kuhusu mtoto aliyeandika kwamba mji mkuu wa Turkana ni Nairobi, naye akaja akalala juu ya rundo. Tangu siku hiyo ni wangu, kwa kadiri paka anavyokuwa wa mtu.

Shuleni habari zilifika kabla yangu. Ticha anaongea na paka! Wavulana wa nyuma wakawa wananisalimu kwa nyau. Niliwaacha wacheke, kisha nikafungua rejista nikaita majina. Mabior. Majok. Malual. Kila mmoja akaitika. Nikawauliza, haya, Mabior ni nani? Darasa likanyamaza kidogo, halafu mmoja akasema kwa fahari: ni fahali mweupe. Na Malual ni mwekundu, na Majok ana nyeusi na nyeupe. Nusu ya wavulana wa Kidinka wanabeba rangi za ng'ombe. Kijana wa Kidinka hupewa fahali wake, humtungia nyimbo, humwimbia akitembea naye. Francis Mading Deng, msomi na mwanadiplomasia wa Kidinka, aliandika kitabu kizima kuhusu nyimbo hizo mwaka 1973. Wavulana wa mzaha wakaanza kuchekana wenyewe kwa wenyewe, lakini Waturkana darasani nao walikuwa na lao. Mzee wa Kiturkana ana fahali anayempenda kuliko wote, humwimbia, na watu humwita mzee kwa jina la fahali huyo, majina yale yanayoanza na Apa, baba wa fulani. Philip Gulliver aliyeishi na Waturkana na kuandika habari za mifugo na familia zao mwaka 1955 aliona hayo. Kusini kidogo Wasamburu huimba wakichota maji visimani, na ng'ombe wa kila ukoo hujua wimbo wa kwao.

Kwa hiyo nikawaambia: babu zenu wanaimbia fahali mbele ya ukoo mzima, mimi kumwambia paka shikamoo imekuwa kichaa? Mmoja akainua mkono. Ticha, fahali ni mali. Paka ni nini?

Sikuwa na jibu siku hiyo. Ni hoja nzuri. Fahali analipa mahari. Paka halipi chochote, na hapa Turkana, mahali ambapo utajiri hupimwa kwa ngamia na mbuzi, mtu anayetumia maneno yake kwa mnyama asiyehesabika anaonekana ana maneno ya kumwaga.

Kwetu Pwani shaka ni ya aina nyingine. Lamu watu wanaishi na paka kama majirani, lakini bibi yangu wa Takaungu hakutaka tuwasemeshe baada ya magharibi. Usimsemeshe paka usiku, alikuwa akisema, atakujibu. Kila mtoto wa Pwani anajua jini huja na umbo gani. Ndiyo maana nilicheka peke yangu niliposoma habari za Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex. Paka wake alikuwa akimwamsha kila asubuhi kwa mkoromo wa kung'ang'ania, akaamua kuuchunguza. Matokeo yalitoka mwaka 2009: ndani ya mkoromo wa paka anayetaka chakula kuna kilio chembamba kilichofichwa, chenye masafa ya karibu na kilio cha mtoto mchanga, na binadamu husikia haraka yake hata kama hajawahi kufuga paka. Kayabu hunifanyia hivyo hivyo kila alfajiri, amenikalia kifuani, kabla adhana haijatoka kwenye msikiti wa Wasomali. Paka wa McComb aliitwa Pepo. Bibi angefunga dirisha.

McComb huyo si mgeni kwetu. Ni yeye na wenzake waliokwenda Amboseli na kuwapigia ndovu sauti za watu zilizorekodiwa, wanaume wa Kimaasai na wa Kikamba, wote wakisema jambo moja, kwamba tazameni, kundi la ndovu linakuja kule. Kila mmoja alisema kwa lugha yake. Waliposikia Kimaasai ndovu walikusanyana na kuinua mikonga kunusa hewa, zaidi kuliko waliposikia Kikamba. Wamaasai ndio wanaogongana nao malishoni kwa mikuki. Sauti za wanawake wa Kimaasai na za wavulana hazikuwatisha kiasi hicho. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2014. Ikiwa ndovu anajua lugha ya mkuki, sioni ajabu paka wa Kakuma kuvumilia Kirundi changu kibovu.

Jambo moja zaidi kuhusu sauti zao. Paka wakubwa ni nadra kuliliana nyau wao kwa wao. Mtoto humlilia mama yake, akikomaa huacha. Nyau ile ya ukubwani wametuwekea sisi. Kwa nini mwanafunzi wangu wa fahali anione mimi ndiye niliyeanza mazungumzo?

Lakini siwezi kuandika haya bila kutaja sufuria. Mwaka 2025 msaada ulipopungua, resheni ilikatwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Watu walikula mlo mmoja. Watoto walilala darasani saa nne asubuhi. Siku moja mzazi alikuja kwangu kuuliza habari za mtihani wa mwanawe, Kayabu akiwa pembeni anakula omena. Mama yule hakuniangalia mimi. Aliangalia kifuniko. Halafu akatabasamu, akaniuliza: mwalimu, na huyu naye ana kadi? Tulicheka wote wawili, na kicheko chake kiliisha kabla ya changu. Tangu siku hiyo Kayabu analia ndani, mlango umefungwa, na omena nimepunguza. Sijui kama huo ni uungwana au ni woga wa kuonekana.

Mama huyo huyo, nikiri pia, alirudi baada ya siku nne. Alikuwa amepokea mahindi na mtama kidogo, panya wamelitoboa gunia usiku wa kwanza. Alitaka kuazima paka. Hapa paka huazimwa kama ngazi au kama mashine ya cherehani, usiku mmoja au miwili, na hurudishwa na shukrani. Nilimpeleka Kayabu mwenyewe, nimembeba kwapani. Kwenye kambi hii mkimbizi akifanya kazi katika shirika halipwi mshahara, hulipwa kitu kinachoitwa insentivu. Paka ndiye mfanyakazi wa insentivu asiyehitaji kusaini popote. Nilimsikia yule mama akimweleza, kwa lugha ambayo sikuielewa, naamini, mipaka ya kazi yake.

Na duka ninalonunua sukari, la mzee wa Kisomali, lina paka wa rangi ya machungwa anayelala juu ya magunia ya mchele mchana kutwa, jua likiwa linachoma bati. Nilimuuliza mzee kama haoni vibaya kwenye chakula. Alinirudisha madrasa. Abu Qatada, sahaba, alikuwa akitiwa maji ya kutawadhia na mke wa mwanawe, paka akaja, yeye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mkwewe akashangaa. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaozungukazunguka majumbani mwenu. Mzee alimalizia kisa, akamgeukia paka akamwambia neno kwa Kisomali. Nikauliza umemwambia nini? Nimemwambia, maalim, namtetea bure, ashuke kwenye mchele.

Ukikaa Kakuma utaona salamu ya kweli ya hapa si hujambo. Ni prosesi yako imefika wapi. Kila mtu ana kesi ya kuhamia nchi nyingine, ana intavyuu aliyofanya au anayoingoja, na kila anayekutana naye anamuuliza. Majirani huuliza kwa mapenzi, wengine kwa kijicho, watoto huuliza kwa sababu wamesikia wakubwa. Mwanaume mmoja Mkongo, mlinzi wa usiku, aliniambia anapenda zamu yake kwa sababu paka wa pale getini hajawahi kumuuliza. Anamweleza habari za shamba lake la mihogo. Nilimwuliza kama paka anasikiliza. Akasema: anasikiliza kuliko wale walioniandika.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, waliokwisha kugawa masufuria na magodoro wakingoja safari walianza kupita mlango kwa mlango kudai vyao. Mama mmoja wa bloku ya jirani alikwenda kudai kuku wake, akakuta wameliwa. Paka wake alimkuta. Alikuwa amemgawa kwa Wasudani, na sasa paka alikuwa anaitikia kadisa. Amemrudisha, na anamwita kwa yote mawili.

Familia ya Kayabu iliwahi. Wanapiga simu kwa WhatsApp Jumamosi, kwetu jioni, kwao asubuhi. Baba huuliza bei ya unga na habari za mvua. Mama huuliza nani ameondoka. Mwezi uliopita mama alinong'ona kidogo: binti hataki tena kuongea Kirundi. Shuleni ni Kiingereza, na kaka zake ni Kiingereza, na akisemeshwa Kirundi hujibu Kiingereza. Labda, mwalimu, ukimpa paka.

Nikaweka simu chini kwenye mkeka, karibu na Kayabu aliyekuwa amelala ubavu, jua la Turkana likiwa bado halijaacha bati. Skrini ilikuwa inaonyesha dari yangu. Sauti ya mtoto ikatoka, imekuwa kubwa kidogo, ikapanda, ikawa nyembamba. Kayabu, ngwino. Kisha maneno mengine, mengi, ya haraka, ambayo fundi cherehani hakuwahi kunifundisha. Kayabu hakuinuka. Masikio yalizunguka yote mawili kuelekea kwenye simu, yakabaki hapo.

Aliongea dakika tisa. Halafu bando langu likaisha.